Jinsi ya kujenga kazi ya dragi inayodumu baada ya mashindano ya televisheni

Msimu wa 7 wa RuPaul's Drag Race, mashindano ya televisheni ya wasanii wa dragi yanayoongozwa na msanii RuPaul, ulioonyeshwa Marekani mwaka 2015, ulimpa taji Violet Chachki, na siku jina lake lilipotangazwa Trixie Mattel na Katya walikuwa wamekwisha kutolewa mashindanoni. Mwaka uliofuata wawili hao walianza kurekodi mazungumzo ya vichekesho yaliyoitwa UNHhhh kwa ajili ya YouTube, na kutokana na mazungumzo hayo yakazaliwa maonyesho ya jukwaani, podikasti na vitabu viwili. Trixie, kwa upande wake, alizindua kampuni ya vipodozi mwaka 2019 na kufungua moteli huko Palm Springs mwaka 2022.

Nimeutanguliza mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wasanii wengi chipukizi hulipima vibaya. Kipindi cha televisheni humletea msanii watazamaji, tena kwa muda mfupi, lakini kazi yenyewe hubaki kwa yule ambaye watazamaji wanapofika wanamkuta na kitu cha kuonyesha na kuuza ambacho ni mali yake mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msanii anayefikiria kuomba nafasi katika mashindano hayo, au ambaye amekwisha kuchaguliwa na anasubiri kurekodi. Unafuata zaidi utaratibu wa Marekani na Uingereza, ambako mashindano haya yamekomaa na ambako mikataba, kodi na mzunguko wa maonyesho vina desturi zinazojulikana.

Kwa msomaji ambaye fani hii ni ngeni kwake, dragi ni sanaa ya jukwaani ambamo msanii hubuni mhusika kwa mavazi, wigi, vipodozi, sauti na mwenendo, mara nyingi kwa kuzikuza na kuzichezea alama za kike au za kiume. Kipindi cha RuPaul kilianza tarehe 2 Februari 2009 katika kituo cha Logo, kikiwa na zawadi ya dola 20,000, na mshindi wake wa kwanza alikuwa BeBe Zahara Benet, mzaliwa wa Kameruni aliyekuwa akitumbuiza Minneapolis. Mwaka 2017 kilihamia VH1, na mwaka 2023 kikahamia MTV, ambako zawadi ya mshindi ilifikia dola 200,000. Katikati ya safari hiyo yalizaliwa mashindano ndugu nchini Thailand, Uingereza, Kanada, Uhispania, Ufaransa, Ufilipino, Mexico, Brazil na kwingineko, na matokeo yake kwa msanii wa leo ni ya moja kwa moja: mwaka 2010 wasanii waliowahi kuonekana katika kipindi hiki walikuwa wachache kiasi kwamba klabu yoyote ingefurahi kumpata mmoja wao, ilhali sasa wapo mamia, na mwandaaji wa onyesho anaweza kuchagua. Kuonekana kwenye televisheni peke yake kumepungua thamani, kwa hiyo maandalizi yanapaswa kuanza mapema kuliko zamani.

Kuwa na onyesho lako kabla ya kuomba nafasi

Ushauri wangu wa kwanza, na ningeuweka juu ya mengine yote, ni kwamba usitume maombi hadi uwe na onyesho la saa moja unaloweza kulifanya peke yako. Msanii wa baa huzoea kupanda jukwaani kwa wimbo mmoja wa dakika nne au tano, kukusanya bakshishi na kushuka. Ni shule nzuri, lakini hakuna ukumbi unaouza tiketi utakaokulipa kwa dakika tano. Wale waliodumu, ukiangalia historia zao, karibu wote waliingia mashindanoni wakiwa na kitu kilichokwisha kusimama. Jinkx Monsoon aliposhinda msimu wa 5 mwaka 2013 alikuwa tayari na onyesho la kabarei liitwalo The Vaudevillians, alilolitengeneza Seattle pamoja na mpiga kinanda wake, na mwaka huohuo alilipeleka New York bila kuhitaji kuanza kutafuta afanye nini. Sasha Velour alikuwa akiendesha onyesho lake la Nightgowns huko Brooklyn kabla ya kushinda msimu wa 9 mwaka 2017, na ushindi ulilipeleka katika kumbi kubwa zaidi. Bianca Del Rio, mshindi wa msimu wa 6 mwaka 2014, alikuwa na miaka mingi ya kushona mavazi ya tamthilia na kushika maikrofoni katika klabu za New Orleans na New York, na mwaka 2019 akawa msanii wa kwanza wa dragi kuwa mtumbuizaji mkuu katika ukumbi wa Wembley Arena jijini London.

Onyesho la saa moja hutengenezwa vipande vipande. Anza kwa kuamua linahusu nini kwa sentensi moja, kwa mfano mhusika wako anayejaribu kuendesha darasa la adabu huku yeye mwenyewe hana adabu, au mwimbaji wa zamani anayekataa kukubali kwamba zama zake zimepita. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuambia wimbo upi uingie na upi uachwe, hata kama unaupenda. Kisha peleka dakika kumi za maneno katika usiku wa kawaida wa baa, urekodi sauti, na siku inayofuata usikilize bila kutazama picha. Kicheko husikika, na ukimya husikika zaidi. Kipande ambacho kimeshindwa mbele ya hadhira tatu tofauti kitoe, na kilichofanikiwa kiandike neno kwa neno, kwa sababu kumbukumbu ya msanii aliyechoka si ya kutegemewa. Ukishapata dakika arobaini za maneno na nyimbo zilizopimwa hivyo, shughulikia mabadiliko ya mavazi, ambayo ndiyo huvunja maonyesho mengi ya wanaoanza. Kila mara unapotoka jukwaani lazima kuwe na kitu kinachoishika hadhira, iwe video fupi, mpiga kinanda, au msanii mgeni, na vazi la ndani liwe limevaliwa chini ya lile la juu ili mabadiliko yasizidi dakika mbili.

Sambamba na onyesho, jifunze stadi ambazo mashindano hupima mara kwa mara. Cherehani ni ya lazima. Kila msimu huwa na shindano la kushona vazi kutokana na malighafi zisizo za kawaida kwa muda mfupi, na asiyejua hata kukunja upindo hufikia kutumia gundi ambayo majaji huiona mara moja. Uigizaji wa watu mashuhuri katika mchezo wa Snatch Game, uliokuwapo tangu msimu wa 2, unawaangusha wengi kwa kosa lilelile: huchagua mtu wanayefanana naye sura, wakati kinachohitajika ni mtu ambaye mawazo yake unaweza kuyazungumza. Jiulize kama mhusika huyo anaweza kujibu swali ambalo hukulitarajia. Akiwa na kauli mbiu moja tu, baada ya jibu la pili atakuwa amekwisha. Kuimba, kucheza kwa hatua za kufundishwa, kutania watu wazima bila kuwaumiza, na kufuatisha wimbo kwa midomo ukiwa umeyahifadhi maneno yote, hivi vyote hujifunzwa kwa mazoezi ya kila wiki, na hakuna kati yake kinachoweza kujifunzwa mwezi mmoja kabla ya kurekodi.

Maombi yenyewe hayana siri kubwa. Hutumwa kwa fomu na video, na kwa toleo la Marekani mwombaji lazima awe ametimiza miaka 21. Uingereza huruhusu wadogo zaidi, ndiyo maana Krystal Versace aliweza kushinda msimu wa 3 wa huko mwaka 2021 akiwa na miaka 19. Hakikisha sauti inasikika, mwanga unatosha, unazungumza kama unavyozungumza bila kusoma karatasi, na kila stadi unayodai kuwa nayo inaonekana ikitendwa. Kukataliwa mara kadhaa ni jambo la kawaida kabisa, na wapo washiriki waliotuma maombi kwa miaka mingi kabla ya kuitwa.

Gharama, mavazi na mkataba

Ukichaguliwa utapewa mada za maonyesho ya mavazi na muda mfupi wa kujiandaa, na hapo ndipo wasanii wengi hutumia maelfu ya dola, wengine wakikopa. Weka kikomo cha matumizi kabla ya kununua chochote, na kikomo hicho kipimwe kwa kile unachoweza kulipa hata kama utatoka katika kipindi cha kwanza, kwa sababu kuna mtu atakayetoka. Nchini Uingereza, ambako kipindi kilianza BBC Three tarehe 3 Oktoba 2019, mshindi hapewi kabisa fedha taslimu, kwa kuwa BBC ni shirika la umma. Fedha zote hutokana na kazi inayofuata. Chi Chi DeVayne, aliyefika nafasi ya nne katika msimu wa 8 mwaka 2016, alizungumza wazi kuhusu uchache wa fedha zake, na watazamaji walimpenda kwa nguvu ya kutumbuiza kwake. Naamini kwa dhati kwamba vazi la bei kubwa lisilo na wazo hupotea machoni haraka kuliko la bei ndogo lenye wazo.

Kama unafanya kazi na wabunifu wa mavazi, andikeni makubaliano hata wakiwa marafiki: vazi ni la nani baada ya kurekodi, jina la mbunifu litatajwa wapi, na malipo yatakamilika lini. Wabunifu wachanga wamebeba sehemu kubwa ya sanaa hii mabegani mwao, na si haki walipwe kwa ahadi ya kutajwa tu. Unapopanga mavazi, hesabu pia yapi yataweza kusafiri. Gauni lisiloingia ndani ya sanduku litaonekana mara moja kwenye skrini na kisha litakaa stoo.

Kuhusu mkataba wa televisheni, tafuta wakili wa mambo ya burudani na umlipe kwa saa chache. Ni gharama ndogo ukilinganisha na yale yanayoamuliwa humo. Mwulize kwa uchache haya: watayarishaji wanapata haki gani juu ya jina na mhusika wako, kwa muda gani huruhusiwi kuonekana katika mashindano mengine, kama wanadai asilimia ya mapato yako ya baadaye, na adhabu ya kuvujisha matokeo ni nini. Kipengele cha mwisho kichukuliwe kwa uzito mkubwa, kwa kuwa kipindi hurekodiwa miezi mingi kabla ya kuonyeshwa na usiri ndio uhai wa biashara yao. Mshiriki mpya hana nguvu ya kubadilisha mengi katika mkataba wa namna hii, lakini ana uwezo wa kujua anasaini nini, na ana uwezo wa kulinda kile alichonacho kabla ya kusaini.

Ulinzi huo huanza na jina. Litafute katika daftari la alama za biashara la Marekani au la Uingereza, na kama halina mwenyewe lisajili kabla msimu haujatangazwa. Usajili hufanywa kwa makundi ya bidhaa na huduma: kundi la 41 hulinda huduma za burudani, kundi la 25 hulinda mavazi, na kundi la 3 hulinda vipodozi. Jina lililoundwa kwa kuchezea chapa ya kampuni kubwa huchekesha katika baa, ila siku utakapotaka kuliandika juu ya fulana au kopo la poda unaweza kupokea barua ya mawakili wa kampuni hiyo. Ni afadhali kulirekebisha jina ukiwa bado hujulikani.

Mbele ya kamera

Hapa maelezo yangu ni mafupi, kwa sababu usichoweza kukidhibiti ni kingi kuliko unachoweza. Wahariri watachagua dakika chache kutoka katika saa nyingi, na picha hizo ni mali yao. Unachoweza kufanya ni kuamua mapema mambo ambayo hutayazungumza kamwe, hasa siri za wazazi, wapenzi na marafiki ambao hawakukubali kuonekana, na kushikilia uamuzi huo hata usiku wa manane ukiwa umechoka. Sema sentensi zilizokamilika, maana sentensi kamili ni vigumu kuigeuza maana. Lala kila unapopata nafasi.

Usijaribu kupanga tukio litakalosambaa mitandaoni. Mwaka 2018 Vanessa Vanjie Mateo alitolewa katika kipindi cha kwanza cha msimu wa 10, akaondoka kinyumenyume huku akirudia jina lake, na jina hilo likaenea duniani kote. Aliitwa tena msimu uliofuata na kufika mbali zaidi. Hakuna aliyeweza kulibuni tukio hilo mezani. Lililo ndani ya uwezo wa kila msanii ni namna ya kuondoka: anayetoka kwa heshima na uchangamfu huacha watazamaji wakitaka kumwona tena, na hao ndio wanunuzi wa tiketi.

Miezi kati ya kurekodi na kuonyeshwa

Huu ndio wakati wenye thamani kubwa kuliko wote, na ndio unaopotezwa zaidi. Msanii hurudi nyumbani amechoka, ana madeni, haruhusiwi kusema alikuwa wapi, na huishi kwa kungoja. Lakini tangu siku majina yatakapotangazwa hadi fainali, watu watamtafuta kwa wingi ambao pengine hautarudi tena, na kila atakachokuwa nacho tayari kitauzwa au kusikilizwa katika majuma hayo, na atakachokuwa bado anakitengeneza kitachelewa.

Anza na picha nzuri za kitaalamu zenye mavazi tofauti, pamoja na tovuti yenye jina lako, tarehe za maonyesho na mahali pa kujiandikisha kwa barua pepe. Orodha ya anwani za barua pepe ni mali yako, wakati wafuasi wa mitandao ya kijamii wako mikononi mwa kampuni inayoweza kubadilisha kanuni zake wakati wowote au kuufungia ukurasa wako. Ningechagua watu elfu mbili walioniachia anwani zao na miji wanayoishi kuliko wafuasi laki moja ambao sijui wako wapi, kwa kuwa hao elfu mbili wataniambia nipeleke onyesho mji gani.

Rekodi wimbo wako mwenyewe, hata kama wewe si mwimbaji mkubwa. Sababu yake ni ya kisheria kama ilivyo ya kisanaa. Ukumbi ndio unaolipia leseni ya muziki unaochezwa ndani yake, kupitia vyama kama ASCAP na BMI nchini Marekani au PRS na PPL nchini Uingereza, lakini video yako ukifuatisha wimbo wa msanii mwingine inaweza kuondolewa mtandaoni au mapato yake yakaenda kwa mwenye wimbo. Wimbo wako ukiuweka YouTube, mapato ni yako. Hakikisha mtayarishaji wa muziki amesaini karatasi inayoonyesha nani ana asilimia ngapi, na kwamba biti haikununuliwa kwa leseni inayokataza biashara. Nyimbo zinazotoka pamoja na kipindi hupata msukumo wa pekee: mwaka 2021 wimbo wa UK Hun?, ulioimbwa na kundi la washiriki wa msimu wa 2 wa Uingereza, uliingia katika nyimbo 30 za juu za chati rasmi ya nchi hiyo.

Bidhaa zenye jina lako ziagize kwa kiasi kidogo, aina mbili au tatu, na uwe na mahali pa kuzihifadhi na mtu wa kuzituma. Mteja aliyesubiri fulana miezi minne hatanunua tiketi. Mwishoni mwa miezi hii ya kungoja tafuta wakala wa kukupatia maonyesho, na ukubali asilimia inayoeleweka na mkataba unaoweza kuvunjwa kwa taarifa ya miezi michache. Wakala anayedai haki juu ya kila kitu utakachofanya kwa miaka mitano, ikiwa ni pamoja na yale ambayo hakuyatafuta yeye, mwache.

Mwaka wa kwanza na kodi yake

Maombi ya maonyesho yatakuja kwa wingi kuliko siku za wiki. Kabla ya kukubali lolote, uwe na karatasi moja inayotaja malipo, nusu yake ikilipwa kabla ya safari, usafiri, hoteli, chumba cha kubadilishia chenye kioo, mwanga na kitasa kinachofunga, muda wa kukutana na mashabiki, na nini kitatokea onyesho likiahirishwa. Usiiache karatasi hiyo hata kwa mwandaaji mchangamfu kiasi gani. Kazi za klabu zinazolipwa kwa vinywaji zikatae kabisa, kwa sababu ya fedha na kwa sababu ya afya. Pombe imewagharimu wengi katika fani ambayo ofisi yake ni baa.

Ziara za pamoja, kama Werq the World iliyoanza mwaka 2017, na mikutano ya mashabiki kama DragCon, iliyoanza Los Angeles mwaka 2015, ni nzuri katika mwaka wa kwanza kwa kuwa mtu mwingine anabeba hatari ya fedha na wewe unapanda jukwaa kubwa. Udhaifu wake ni kwamba hadhira ni ya chapa ya ziara, na ukiondoka hubaki nayo. Kuanzia mwaka wa pili, elekea kwenye onyesho lako mwenyewe. Jinkx Monsoon na BenDeLaCreme, ambao hawakuwahi kuwa katika msimu mmoja wa kawaida, walianza ziara ya pamoja ya sikukuu ya Krismasi mwaka 2018, na onyesho hilo huandaliwa na kampuni ya BenDeLaCreme mwenyewe. Janga la korona lilipofunga kumbi mwaka 2020 waligeuza onyesho kuwa filamu, jambo walilomudu kwa kuwa maandishi, nyimbo na wahusika vilikuwa vyao. Tangu hapo hadhira hurudi kila mwaka, ikiwaleta na wengine. Sijaona njia bora kuliko hiyo ya kuitoa kazi katika kutegemea msimu wa televisheni.

Fedha zikianza kuingia, mtafute mhasibu kabla ya kumtafuta mpambaji wa nyumba. Msanii nchini Marekani kwa kawaida huhesabiwa kuwa amejiajiri: anapokea malipo bila kukatwa kodi, analipa asilimia 15.3 ya kodi ya kujiajiri juu ya kodi ya kawaida ya mapato, na hutakiwa kulipa kwa makadirio mara nne kwa mwaka, yaani katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Zawadi ya ushindi nayo ni mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo dola 200,000 zinazotangazwa si hizo zitakazobaki mkononi. Uingereza hutaka tamko la kodi kwa njia ya mtandao hadi tarehe 31 Januari, na mapato ya biashara yakivuka pauni 90,000 katika miezi 12 usajili wa kodi ya ongezeko la thamani huwa wa lazima. Weka theluthi moja ya kila malipo katika akaunti usiyoigusa, na tunza risiti za wigi, vitambaa, vipodozi na tiketi za ndege, kwa kuwa gharama halali za kazi hupunguza kodi. Msanii anayevuka mpaka kufanya onyesho la kulipwa aulize mapema kuhusu viza ya kazi, maana kuingia kwa viza ya utalii ukiwa na sanduku la mavazi ya jukwaani kumewahi kusababisha wasanii warudishwe kutoka uwanja wa ndege.

Mwili pia una hesabu zake. Mikanda ya kubana kiuno, viatu virefu, gundi za kope na wigi vinavumilika kwa usiku mmoja, lakini kwa maonyesho matano kwa wiki vinaumiza mgongo, ngozi na magoti, kwa hiyo panga siku za mapumziko katika ratiba kama unavyopanga siku za kazi. Kuhusu chuki za mitandaoni, wasanii weusi hasa wamesema hadharani kwa miaka mingi jinsi wanavyotukanwa na baadhi ya mashabiki wa kipindi kuliko wenzao weupe. Mpe mtu unayemwamini kazi ya kusoma ujumbe wakati msimu unaonyeshwa, na usiruhusu mwandaaji akulipe pungufu kwa kisingizio cha idadi ya wafuasi, kwani idadi hiyo imebeba upendeleo huohuo. Fuatilia pia sheria za mahali unapokwenda. Tennessee ilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia maonyesho ya aina fulani mbele ya watoto au mahali pa umma, ikafuatwa na mabishano ya mahakamani, na mkataba wako unapaswa kusema wazi umri wa watakaoruhusiwa kuingia na nani anawajibika kwa usalama.

Kuchagua njia ya pili, na kama urudi mashindanoni

Baada ya miaka miwili au mitatu, chagua njia moja ya ziada inayotokana na ustadi wako halisi. Kim Chi, aliyefika fainali ya msimu wa 8, alisifiwa kwa uchoraji wa uso, na kampuni yake ya vipodozi ilifuata njia hiyo. Peppermint, wa msimu wa 9, aliingia Broadway, yaani kumbi kuu za tamthilia za New York, mwaka 2018 katika tamthilia ya muziki ya Head Over Heels. Bob the Drag Queen, mwenye kipaji cha kuongoza hadhira, alikuwa mshereheshaji wa ziara ya Madonna iliyoanza mwaka 2023. Kila mmoja aliendeleza kile ambacho watazamaji walikuwa wamekwisha kukiona.

Mwaliko wa kurudi katika All Stars, toleo linalowakutanisha washiriki wa misimu iliyopita, utakapokuja, usiujibu siku hiyohiyo. Hesabu maonyesho utakayoyaahirisha wakati wa kurekodi, mavazi mapya utakayoyahitaji, na kama una kitu ambacho hukukionyesha mara ya kwanza. Jinkx Monsoon alirudi mwaka 2022 katika All Stars 7, iliyokusanya washindi peke yao, akiwa amepata miaka tisa ya jukwaa tangu ushindi wake wa kwanza. Alishinda dola 200,000, na Januari 2023 akaanza kucheza nafasi ya Mama Morton katika tamthilia ya Chicago huko Broadway. Kwa msanii ambaye miaka yake ya katikati haikuongeza kitu, kurudi kutaonyesha tu kwamba hakuna kilichoongezeka, na ni heri aombe muda, atengeneze onyesho lake jipya, alizungushe katika miji ambayo orodha yake ya barua pepe inamwonyesha, kisha aangalie kama mwaliko utakaofuata bado anauhitaji.